Waya Usiopitisha Neno

Wifi yangu alipofikiwa na zamu yake ya upatu hakununua cherehani, kama mama mkwe alivyotarajia, wala friza la kugandishia barafu, kama kaka yake alivyomshauri. Alinunua mashine ya kuchora kwa leza. Ilikuwa ya mtumba, imetangazwa na mtu wa Dar es Salaam asiyemfahamu, ikaletwa Tanga kwa basi ndani ya boksi la biskuti lililojazwa magazeti. Tuliifungua ukumbini usiku uleule, na mama mkwe akaiombea dua kabla mtu hajaigusa.

Ni mashine ya kawaida ya aina yake: fremu ya alumini, reli, mikanda ya mpira yenye meno, mota ndogo za kusogeza kichwa huku na huku, na kichwa chenyewe, chenye feni juu na leza ya buluu chini. Leza za namna hii hutoa mwanga wa nanomita 450 hivi. Mninga huunyonya mwanga huo ukaungua kwa rangi nzuri ya kahawa. Kioo kitupu huuacha upite bila kuwekwa alama. Wifi alikwisha kuyasoma haya yote kabla ya kununua. Alijua pia kwamba miwani ya jua haikingi macho na mwanga huo, akanunua miwani maalumu ya leza kabla hata boksi halijafika. Nayataja kwa sababu baadaye aliambiwa na wengi humu ndani kwamba alikurupuka. Hakukurupuka.

Kazi ilikuwa imeshapatikana. Jirani yetu wa mtaa wa pili alikuwa anaoza binti yake, akataka vibao vya mninga 200 vya kugawia wageni, kila kimoja na majina ya bwana na bibi harusi, na tarehe. Nusu ya malipo alikwisha kuitoa. Mbao zilikwisha kukatwa na kupigwa msasa na seremala wa Ngamiani, zikapangwa kwenye ndoo mbili kando ya kabati la vyombo. Harusi ilikuwa Jumamosi.

Wifi akachomeka umeme. Feni ikavuma, taa ikawaka, na ulipojaribu kukisukuma kichwa kwa kidole kilikataa, dalili kwamba mota zimeshika. Akaunganisha waya kwenye kompyuta mpakato yangu ya kazini, akafungua programu ya kuchorea. Programu ikaandika kwamba hakuna mashine iliyounganishwa. Akachomoa, akachomeka tena, akahamia tundu jingine. Jibu lilikuwa lilelile.

Kuanzia hapo nyumba nzima ikawa na fundi katika kila kiti. Mume wangu alisema dada yake ameuziwa mbuzi kwenye gunia, na kwamba mashine ikiwasha taa tu bila kufanya kazi hiyo ni taa, si mashine. Mama mkwe alisema izimwe ipumzike, maana imesafiri. Kijana wa shemeji yangu, anayesoma chuo na kulala kwetu siku za wiki, alisema kosa ni la kompyuta: Windows imechoka, ifutwe yote, iwekwe upya.

"Mama mdogo, ni saa mbili tu, naimaliza," aliniambia.

Kompyuta hiyo ina alama za mitihani za wanafunzi wangu wa kidato cha pili. Nilimwambia haifutwi. Akamgeukia shangazi yake kutafuta msaada, naye akakaa kimya, kwa sababu alikuwa anaazima kitu cha mtu. Nilimwonea uchungu mno saa ile. Alikuwa anaona kazi ya watu ikilala kwenye ndoo na hawezi hata kushika kompyuta kwa uhuru.

Akampigia simu muuzaji. Muuzaji akasema mashine ilikuwa inachora hadi siku aliyoifunga, basi kompyuta yetu ndiyo mbovu. Akakata. Kwa hiyo tulikuwa na hukumu mbili mezani: mume wangu anaihukumu mashine, muuzaji na kijana wanaihukumu kompyuta. Katikati yao ulikuwepo waya, na hakuna aliyeutazama.

Wenye mashine hizi wanapaswa kujua kinachopita katikati hapo. Leza ya kwanza duniani iliwaka Mei 16, 1960, katika maabara ya Hughes kule Malibu, Marekani, kwa kazi ya Theodore Maiman. Mwaka huohuo wa 1960 ndipo ilipotolewa huko Marekani kanuni ya RS-232, ya kupeleka data kwenye waya biti moja baada ya nyingine. Kompyuta zetu za leo zimeacha zile plagi kubwa za zamani na kutumia USB, iliyoanza 1996, lakini mashine nyingi ndogo za kuchora bado zinazungumza kwa mtindo ule wa zamani. Kwa hiyo ndani ya bodi ya mashine kunawekwa chipu ya kutafsiri: upande mmoja inasikia USB, upande wa pili inazungumza ule mtindo wa biti kwa biti. Katika mashine za bei nafuu chipu hiyo mara nyingi ni CH340, ya kampuni ya WCH ya China. Nyuma yake kuna programu iitwayo GRBL, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Simen Svale Skogsrud wa Norway na kutolewa bure kwa ulimwengu. Hiyo ndiyo inayopokea amri na kuzungusha mota. Amri ikikatika popote katika njia hiyo, mkaaji wa nyumba anaona jambo moja tu: mashine inawaka na haichori.

Jibu la kwanza tulilipata kwa sababu ya picha za wajukuu. Simu ya mama mkwe ilikuwa imejaa, akamwomba kijana amhamishie picha kwenye kompyuta, maana kompyuta hiyo imekaa tu mezani inagombewa. Kijana akachukua waya uliokuwa karibu, ule wa mashine, akauchomeka kwenye simu. Simu ikaonyesha inachaji. Haikuuliza kama itoe faili, na kompyuta haikuonyesha simu yoyote.

"Bibi, simu yako imeharibika," kijana akasema.

"Simu yangu haina ubovu," mama mkwe akamjibu. "Dada yako alizitoa humu wiki iliyopita, kwa waya wangu. Nipishe."

Akaenda chumbani, akarudi na waya mfupi mweusi aliouzungushia uzi wa sufi asiuchanganye na wa watu wengine. Kijana alipouchomeka tu, simu ikauliza kama iruhusu picha kufunguliwa, na kompyuta ikaiona. Wifi alikuwa jikoni anaosha vyombo. Alikuja mikono ikiwa na povu, akautazama waya wa sufi, akautazama wa mashine, akasema, "Mama, niazime."

Akautia kwenye mashine. Kompyuta ikatoa ule mlio wake mdogo wa kutambua kitu kipya. Ulikuwa mlio wa kwanza kuusikia tangu boksi lifunguliwe, na mume wangu aliyekuwa anasoma gazeti alilikunja.

Kijana akachukua kisu akauchana ule waya wa kwanza. Ndani yake kulikuwa na nyuzi mbili tu, nyekundu na nyeusi. Waya wa USB wa kupitisha data huwa na nyuzi nne za msingi: nyekundu na nyeusi ni za umeme wa volti 5, na nyeupe na kijani ndizo zinazobeba maneno. Watengenezaji wa taa za kuchaji, feni ndogo na redio za bei rahisi huacha zile mbili za data ili kupunguza gharama, lakini kwa nje waya unabaki na plagi ileile, rangi ileile, unene uleule. Aliyefunga boksi aliokota waya wa taa. Na kwa kuwa mashine hii ina adapta yake ya umeme ukutani, kila kitu kinachoonekana kwa macho kiliwaka, ndiyo maana watu wazima wenye akili zao walibishana juu ya mashine na kompyuta na kuuruka waya. Siwalaumu. Namlaumu anayetengeneza vitu viwili tofauti vyenye sura moja na kuviuza bila kuandika neno.

Furaha ilikuwa ya muda mfupi. Programu bado iliandika kwamba hakuna mashine. Lakini sasa kwenye ile orodha ya Windows ya vifaa vyote vilivyounganishwa palikuwa na jina jipya, USB2.0-Serial, na juu yake pembetatu ya njano yenye alama ya mshangao. Maana yake kompyuta imeona kwamba kuna mgeni mlangoni ila haijui lugha yake. Lugha hiyo huletwa na draiva, na kwa kawaida Windows hujitafutia yenyewe kwenye intaneti. Bando letu lilikuwa limekwisha tangu mchana.

Mume wangu, ambaye sasa alikuwa amevuta kiti na kujiunga, alitoa bando la simu yake. Alikuwa ameshapakua draiva moja alipokuwa anatafuta kimyakimya, ya chipu iitwayo CP2102. Ikawekwa, pembetatu ikabaki palepale. Hapo ndipo kijana alipofanya kazi nzuri ambayo nataka imhesabiwe. Alifungua maelezo ya kile kifaa akatafuta namba zake za utambulisho, maana kila chipu ya USB hubeba mbili: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Zetu zilisoma 1A86 na 7523. Namba 1A86 ni ya WCH, na 7523 ni CH340. Ya CP2102 ingeanza na 10C4. Kwa hiyo hapakuwa na haja ya kukisia tena wala ya kupakua draiva kumi na kuzirundika kwenye kompyuta ya mtu.

Faili la draiva kutoka kwa mtengenezaji linaitwa CH341SER. Wifi alisita kwa sababu chipu ni 340 na faili linasema 341. Ni faili lilelile. Mtengenezaji amelifanya lihudumie zote mbili. Nikaandika nywila yangu, draiva ikaingia, pembetatu ikaondoka, na mahali pake pakaandikwa USB-SERIAL CH340 (COM5).

Katika biashara hii ya chipu kuna kisa ambacho watumiaji wa kawaida hawakuambiwa vya kutosha. Kampuni ya FTDI ya Scotland hutengeneza chipu za kazi hiihii, na sokoni kulijaa za kuigiza. Mwaka 2014 ikatoka draiva yake mpya kupitia masasisho ya Windows, iliyokuwa inabadilisha namba ya utambulisho ya chipu za kuigiza kuwa sifuri, kompyuta isizitambue tena. Watu duniani kote walilalamika, draiva ikaondolewa. Nakubali kwamba kuiga kazi ya mtu ni wizi. Lakini aliyeadhibiwa pale ni mnunuzi wa mwisho, mtu kama wifi yangu, ambaye hana hadubini ya kutazama ndani ya chipu. Adhabu hiyo ilikuwa dhuluma.

Tukarudi kwenye programu. Ilikuwa imeelekezwa kwenye njia ya COM3, ambayo ilikuwa ya bluutuuthi ya kompyuta. Wifi akachagua COM5. Ikakataa, ikasema njia hiyo imezuiwa. Kijana akakumbuka kwamba awali alisakinisha programu ya pili ya kuchorea ili ajaribu bahati, na ilikuwa bado wazi, imejificha chini kwenye mstari wa Windows. Njia ya COM haina ushirika: programu ya kwanza kuifungua huimiliki mpaka iiachie. Ikafungwa. Kisha zikatokea herufi, lakini herufi za ajabu, alama zisizosomeka zikiteremka kwenye kioo. Hilo lilikuwa jepesi kuliko yote. Kasi ilikuwa imewekwa 9600, na GRBL husikiliza kwa 115200. Wifi akabadilisha.

Ukatokea mstari mmoja wa Kiingereza, Grbl 1.1f, na maelezo mafupi ya namna ya kuomba msaada. Wifi aliusoma kwa sauti mara mbili. Mama mkwe aliuliza imesema nini, akaambiwa imejitambulisha. "Haya," akasema, "na nyinyi mjitambulishe mfanye kazi, usiku unakwenda."

Kabla ya kuchora, wifi aliandika alama mbili za dola ili mashine itaje mipangilio yake yote. Ni hatua ambayo kila anayenunua mashine ya mtumba anapaswa kuifanya, kwa sababu huwezi kujua mwenye nayo wa kwanza aliigusa wapi. Aliona kwamba $32 ilikuwa sifuri. Hiyo ndiyo inayoiambia GRBL kama imeshika leza au imeshika kisu cha kuzunguka. Ikiwa sifuri, mashine husimama kidogo kila nguvu inapobadilishwa, na leza iliyosimama huku inawaka huchoma shimo. Akaiweka moja.

Kibao cha kwanza kilitoka kizuri kiasi kwamba sote tulikipokezana. Majina yalikaa katikati, mkato wa herufi ukiwa safi, na ukumbi ukajaa harufu ya mninga. Tulifungua madirisha yote na kuelekeza feni nje. Mama mkwe ana pumu, akahamia barazani na mkeka wake. Vikatoka vibao vingine. Halafu, katikati ya jina la bwana harusi, kichwa kikasimama ghafla, na leza ikabaki inawaka mahali pamoja. Moshi ukapanda mwembamba, kisha mweusi. Wifi alichomoa plagi ya ukutani bila kusubiri kompyuta. Kibao kilikuwa kimetoboka, na chini yake ubao wa meza ulikuwa umeanza kuwa mweusi.

Hapa ndipo niliposhika moyo. Matatizo mengine yote yalikuwa ya kuchelewesha. Hili lingechoma nyumba. Kompyuta haitumi kazi yote kwa mkupuo, inatuma mistari michache michache huku mashine inaitekeleza. Mawasiliano yakikatika, mashine hufikia mwisho wa ilichopokea na kusimama. Ikiwa amri iliyotumika ni M3, nguvu ya leza hubaki vilevile hata kichwa kikisimama. Ikiwa ni M4, na $32 imewekwa moja, GRBL huzima mwanga kichwa kinapoacha kutembea. Programu yetu ilikuwa inatumia M3. Wifi akaigeuza M4 usiku uleule, akaweka kitambaa kilicholowa na ndoo ya mchanga chini ya meza, na tukakubaliana wote kwa sauti kwamba mashine haitaachwa peke yake hata mtu akiitwa mlangoni.

Lakini kwa nini mawasiliano yalikatika? Mume wangu ndiye aliyegundua, kwa kusikiliza. Mara ya pili ilipotokea alisema, "Friji ndiyo imeanza kunguruma." Ilikuwa kweli. Friji, mashine na chaja ya kompyuta vilikuwa vimechomekwa kwenye ekstensheni moja, na kompresa ya friji inapoanza huvuta umeme kwa kishindo na kutoa mtikisiko unaoweza kuingia hadi kwenye waya wa USB. Windows ikiona fujo hiyo huona kifaa kimepotea. Na ekstensheni ilikuwa imeunganishwa kwa plagi ya pini mbili, hivyo hata waya wa ethi haukuwa na pa kwenda. Mashine ikahamishiwa chumba cha wageni, kwenye soketi ya ukutani yenye pini tatu, mbali na friji. Waya wa mama mkwe ukabaki palepale. Ufupi wake ni faida, maana kadiri waya wa USB unavyorefuka ndivyo unavyokusanya fujo njiani. Kijana akazima pia ule utaratibu wa Windows wa kuyalaza matundu ya USB ili kuokoa betri, na kuilaza kompyuta yenyewe.

Haikukatika tena. Walichora kwa zamu, kaka na dada, kila mmoja na miwani, mpaka ndoo zote mbili za mbao tupu zikaisha. Mimi nilifuta masizi kwa kitambaa cha unyevu na kupaka nta. Alfajiri moja jirani mwingine alileta mkoba wa ngozi bandia akitaka uandikwe jina la mkewe. Wifi alimkatalia kwa adabu na kumweleza sababu: ngozi bandia ya plastiki ya PVC ikiungua kwa leza hutoa gesi yenye klorini, inayoumiza mapafu na kula chuma. Fedha aliihitaji, na bado alikataa.

Vibao vilifika kwa mwenye harusi Ijumaa baada ya sala. Nusu iliyobaki ililipwa siku hiyohiyo, na fedha ya kwanza kutoka humo ilinunua waya mpya wa mama mkwe, wenye maandishi ya data kwenye pakiti.

Sasa naomba. Wewe unayeuza mashine hizi, mpya au za mtumba, usifunge boksi kabla hujauunganisha waya huohuo unaoutia ndani na kompyuta, na ukaiona mashine inajibu. Andika kwenye karatasi jina la chipu na kasi yake. Ni mistari miwili. Wewe unayeingiza waya wa kuchaji tu, uandike hivyo juu yake. Na wewe mnunuzi, usitoe fedha kwa kuonyeshwa taa na feni. Mwambie muuzaji aichoreshe jina lako mbele yako, kwa waya atakaokupa.